Abaki na dada, aende dei kea ya mtaani au apande basi la nasari? Tulinganishe kabla ya Januari

Mtoto akigusa miaka miwili na nusu tu basi mtaa mzima unageuka bodi ya shule. Jirani anauliza "huyu hajaanza tu?", shangazi anakwambia wa kwake alianza na miaka miwili na sa hivi anahesabu mpaka mia, na wewe ukiangalia picha za watoto wa watu wamevaa joho la mahafali ya chekechea unaanza kuhisi umechelewa. Hujachelewa. Kwa utaratibu wa Tanzania mtoto anatakiwa asome awali mwaka mmoja halafu aingie la kwanza akiwa na miaka sita, kwahiyo huyo wa miaka miwili na nusu ana muda mwingi tu, swali ni huo muda aumalizie wapi na afanye nini.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukisikia "kumwandaa mtoto" tunaelewa kumkaririsha a e i o u na moja mpaka kumi. Hebu nenda bebi klasi yoyote ile wiki ya kwanza ya shule Januari ukasimame pale mlangoni, hutamkuta mtoto anayelia kwa sababu hajui herufi. Wanalia kwa sababu mama kaondoka, mwingine kajikojolea na hajui aseme nini, mwingine hajala kwa sababu nyumbani analishwa na hapa hamna wa kumkimbiza na sahani, na mwingine kalala juu ya meza maana kaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Mimi nalinganisha kwa hayo manne: kuachana, choo, kula na usingizi. Lugha, magonjwa na hela tutavigusa baadae. Herufi ziacheni kwanza, mwalimu analipwa kwa kazi hiyo.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni abaki nyumbani na dada wa kazi, au na bibi kama mmebahatika, mpaka afikie umri wa awali ya shule ya msingi ya serikali. Tangu Januari 2016 awali kwenye shule za serikali haina ada, mzazi unabaki na sare, madaftari na ile michango ya uji mliyokubaliana kwenye kikao.

Ya pili ni dei kea ya mtaani, ile ya kwenda kwa miguu. Kisheria hivi ni vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na wanaovisimamia ni watu wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Hili usilichukulie poa, maana kuna nyumba nyingi zimechorwa Mickey Mouse ukutani zikaanza kupokea watoto na hakuna afisa ustawi aliyewahi kukanyaga pale. Omba kuona cheti cha usajili, mwenye nacho hakasiriki.

Ya tatu ni nasari ya ingilishi midiamu, mara nyingi iko ndani ya shule ya msingi binafsi, ina bebi klasi na KG1 na KG2, sare za kupendeza na basi. Hii usajili wake unakuwa wa Wizara ya Elimu.

Watu wa Pwani na Zanzibar mna nyingine, chuo, yaani madrasa, kilichounganishwa na maandalizi. Ule mpango wa madrasa na chekechea pamoja ulianzia Mombasa miaka ya 1980 kwa mkono wa Aga Khan ukafika Zanzibar 1990, mtoto anasoma Kurani na hapohapo anacheza na kujifunza kwa Kiswahili kama chekechea nyingine. Ukiwa nayo jirani, kwenye ulinganisho huu ihesabu pamoja na dei kea ya karibu, faida zinafanana.

Kuhusu bweni kwa watoto wadogo sitaongea, na wizara yenyewe ilishakataza mwaka 2023 kuanzia awali mpaka darasa la nne labda uwe na kibali maalum.

Kuachana

Hapa mtoto wa nyumbani anaonekana yuko vizuri lakini ni kwa macho tu. Asubuhi unaondoka, analia dakika mbili, kabaki kwao na kitanda chake na katuni zake na dada yake aliyemzoea. Hajawahi kubaki kwa watu. Sasa siku ya kwanza ya awali anakutana na darasa zima la sura ngeni na mwalimu mmoja ambaye hana mikono ya kumbeba kila anayelia, na shule zetu za serikali mnazijua, darasa la awali linaweza kujaa mpaka wengine wanakaa chini. Ukichagua njia hii basi lazima umtengenezee kuachana kwa makusudi kabla hajaanza. Jumamosi abaki kwa mama mdogo bila wewe wala dada, aende Sunday school au chuo cha jioni, acheze nje na watoto wa majirani wagombanie mpira wapatane wenyewe. Nyumba zetu hizi za geti na waya wa umeme juu mtoto anakua hajui kugombana wala kusubiri zamu, halafu tunashangaa shuleni anang'ata wenzake.

Dei kea ya karibu kwenye hili inashinda, na inashinda kwa sababu moja tu, mnaweza kuongea na mwenye kituo. Unamwambia wiki ya kwanza nitakaa nae saa moja alafu nitatoka, wiki ya pili abaki mpaka uji wa saa nne, wiki ya tatu mpaka chakula cha mchana. Wengi wanakubali. Akikataa kabisa akakwambia "mwachie tu mama, watazoea", mimi ningeangalia kituo kingine.

Nasari ya basi ndio ngumu zaidi hapa. Mtoto wa miaka mitatu anakabidhiwa kwa matroni getini bado giza, anapanda gari lenye watoto wakubwa wanaopiga kelele, anashuka sehemu ambayo mama yake hajawahi kuingia nae hata siku moja. Kuna shule mzazi haruhusiwi kuvuka reception. Kama umeamua nasari, basi hata kwa wiki mbili za mwanzo mpeleke mwenyewe, omba ruhusa kazini au gawaneni na baba yake, basi lije baadae akishajua anakoenda na akishamjua ticha wake kwa jina.

Na popote utakapompeleka, usimtoroke. Ile ya "kaangalie paka kule" alafu ukipotea umepotea, inakupa siku moja ya amani na miezi ya mtoto anayekung'ang'ania mpaka unapoenda kuoga. Muage, kwa kifupi, bila kurudi mara tatu dirishani. Mwambie utarudi lini kwa vitu anavyovijua yeye: "utakunywa uji, utacheza, utakula wali, utalala, ukiamka mama huyo." Saa tisa haijui, kuamka anakujua. Halafu kweli awe anaamka anakukuta wewe au yule uliyemwambia atakuja.

Choo, hapa tukae kidogo

Hili ndio linalowatesa watoto kuliko yote na ndio wazazi wanaliongelea kwa aibu aibu.

Watoto wengi wanakuwa tayari kuacha pampasi mchana kati ya miezi kumi na nane na miaka mitatu, dalili utaziona, anakaa mkavu masaa mawili hivi, anajificha nyuma ya pazia akitaka kujisaidia, anaweza kuvuta kaptula mwenyewe. Usiku ni habari nyingine, mwenye miaka minne au mitano kukojoa kitandani ni kawaida kabisa, usimpige na usimtangaze kwa wageni.

Nyumbani na dada ndio sehemu rahisi kuliko zote kumwachisha pampasi kwa sababu kuna mtoto mmoja na mtu mmoja. Ila inategemea dada. Dada mwingine pampasi ni rahisi kwake, anamvalisha asubuhi mpaka jioni na anajua wewe utanunua nyingine, na simlaumu maana ana nyumba nzima ya kusafisha na kupika. Kama unataka dada afanye hii kazi mwambie wazi kwamba kwa hizi wiki deki zisubiri, kazi kubwa ni mtoto, na mkojo sakafuni sio kosa la mtu.

Dei kea inasaidia kwa namna ya ajabu, mtoto anaona wenzake wanapelekwa foleni kwenye poti na yeye anataka. Lakini muulize mwenye kituo, wasaidizi wanawavua na kuwasafisha kwa utaratibu gani, nani anaingia nao chooni, na mlango unabaki wazi? Hili swali ni la usalama wa mwili wa mtoto wako, usione noma kuuliza. Na mtoto mwenyewe mfundishe majina halisi ya sehemu zake za siri na nani tu anaruhusiwa kumsafisha.

Nasari nyingi hazipokei mtoto mwenye pampasi, wanataka awe ameshamaliza hilo. Na hapo ndio utaona vituko, mzazi anamwachisha pampasi kwa fujo wiki ya mwisho ya Disemba ili awahi Januari, mtoto anaanza shule na anaacha pampasi na anazoea basi kwa mpigo mmoja. Anza mapema, likizo ya Juni hivi, ili Januari choo kiwe habari ya zamani.

Kitu ambacho karibu kila mtu anasahau ni aina ya choo. Mtoto amefundishwa kwenye poti ya plastiki yenye masikio ya sungura, au kwenye choo cha kukaa, halafu shule ina choo cha kuchuchumaa chenye shimo jeusi. Anaogopa kutumbukia! Anabana mpaka anarudi nyumbani, au anajisaidia kwenye nguo, au anaanza kupata choo kigumu kwa kubana kila siku, na mama anadhani ni chakula. Kabla hajaanza nenda uangalie choo cha pale kikoje, kisha mtafute choo cha namna hiyo hata kwa jirani mkafanye mazoezi, kuchuchumaa bila kushika sakafu, kujisafisha kwa maji, kunawa na sabuni. Na nguo pia, zile suruali za jinzi zenye kifungo cha chuma na zipu ni mtihani mkubwa kwa vidole vya miaka mitatu. Kaptula ya lastiki tu.

Alafu kwenye ingilishi midiamu kuna lile la "ticha me ai go auti". Mtoto nyumbani anasema "mama kojo", darasani anaambiwa aombe kwa kizungu, mpaka aikumbuke sentensi tayari kiti kimelowa. Muulize mwalimu kama mtoto akisema kwa Kiswahili wiki za mwanzo atasikilizwa. Mwalimu mwenye akili atakwambia hata akishika tu kaptula tunaelewa.

Kula, haraka haraka

Mtoto anayebaki na dada ndio anaongoza kwa kutojua kula mwenyewe, maana ni rahisi kumlisha mbele ya TV akiwa amefungua mdomo bila hata kuangalia. Dei kea wanakula kwa kuigana, wiki tatu tu unaona mwanao anashika kijiko. Nasari inategemea, kama anabeba lanchi boksi basi mzoeshe kufungua na kufunga mfuniko mwenyewe, na chupa ya maji pia, sio unampa boksi la bei mbaya lenye klipu nne ambazo hata wewe zinakuvunja kucha. Karanga, pipi ngumu na zabibu nzima usimfungashie mtoto chini ya miaka minne, anapaliwa na hakuna mtu anamwangalia yeye peke yake. Na uji awe anakunywa kwa kikombe, chupa ya nyonyo iwe imeshastaafu.

Usingizi na basi

Hapa ndipo mimi naegemea upande mmoja wazi wazi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kulala masaa 10 mpaka 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Fanya hesabu ya Dar. Unakaa Kinyerezi au Goba au Mbagala, shule iko upande wa pili wa mji, basi linaanza kuzunguka kuokota watoto mapema ili likwepe foleni, kwahiyo mwanao anaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Ili apate masaa kumi tu, yale ya chini kabisa, inabidi awe amelala saa moja usiku. Saa moja usiku wewe bado uko kwenye mwendokasi unashika bomba! Unafika saa mbili na nusu, mtoto amekungoja, anataka kukuona, mnalala saa tatu na nusu au nne. Amelala masaa saba. Kesho yake anasinzia ndani ya basi, anasinzia darasani, jioni ana hasira hajui za nini, na ripoti inakuja imeandikwa "hayuko makini".

Dei kea ya mtaani anaamka saa kumi na mbili na nusu au saa moja, anatembea dakika kumi, mchana wanalazwa kwenye mikeka. Kwa upande huu hamna ushindani kabisa. Cha kuangalia ni wanalala wapi, pana hewa, pana neti, au wanabanwa chumba kimoja cha giza na TV inaunguruma.

Nyumbani na dada usingizi ni mwingi, wakati mwingine mwingi kupita kiasi na kwa saa mbovu, analala saa kumi jioni anaamka saa moja usiku, ndio maana saa tano anaruka ruka kitandani wewe unataka kufa. Kama anakaribia kuanza awali, mwezi mzima kabla sogeza ratiba kidogo kidogo, mchana alale saa saba, usiku saa mbili awe kitandani, asubuhi aamke muda wa shule hata kama hana pa kwenda. Na TV na simu punguza, hao hao WHO kwa umri wa miaka miwili mpaka minne wanasema isizidi saa moja kwa siku. Najua, najua, bila katuni dada hapiki. Angalau izimwe saa moja kabla ya kulala.

Kama hali inakulazimisha nasari ya basi, basi swali lako la kwanza kabisa kabla ya ada liwe: mwanangu atakuwa wa kuokotwa mwanzo au mwisho, na wa kushushwa mwanzo au mwisho? Mtoto wa mwisho kuokotwa na wa kwanza kushushwa anaishi maisha tofauti kabisa na wa kwanza kuokotwa, japo mnalipa hela ileile. Na matroni awe na orodha, ahesabu watoto wanaopanda na wanaoshuka, kila safari.

Lugha

Watu wengi wanachagua nasari kwa ajili ya kizungu na siwezi kuwacheka, shule ya baadae ikiwa ingilishi midiamu na mtoto akafika la kwanza hajui hata "sit down" atapata tabu. Ila kwa mtoto wa miaka miwili mpaka mitatu mimi naangalia kitu kimoja, akiumia au akiogopa anabembelezwa kwa lugha gani. Ukienda kutembelea shule muulize ticha hivyohivyo. Akikwambia "hapa Kiswahili ni marufuku kwa wote hata bebi klasi", fikiria mtoto ambaye hajamaliza kujifunza kusema "naumwa tumbo" kwa lugha ya mama yake anakatazwa kuisema.

Dei kea nyingi ni Kiswahili na vinyimbo vya kizungu viwili vitatu, inatosha. Awali ya serikali ni Kiswahili, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, kwahiyo akitokea nyumbani anaongea vizuri, anasimulia, anauliza maswali, hapungukiwi kitu. Kinachomwangusha mtoto wa nyumbani ni ukimya. Dada yuko kwenye simu na mtoto yuko kwenye simu, siku nzima hamna anayeongea na mwenzake. Mpe dada kazi ndogo ndogo za maneno, wakichambua mchele wahesabu pamoja, wakienda gengeni mtoto ndio aseme "naomba nyanya za mia tano", wakianika nguo amwambie hii ya nani. Kuchambua maharage na kufunga vifungo vya shati kunatayarisha vidole vya kushika penseli kuliko hilo daftari la kufuatisha nukta mnalonunua.

Mtoto akifika miaka miwili hajaunganisha hata maneno mawili, kama "mama njoo" au "taka maji", usisubiri shule imwongeleshe. Mpeleke hospitali wapime na masikio, wapo wanaoitwa wakaidi kumbe hawasikii vizuri.

Magonjwa

Hapa dada na bibi wanashinda mchana kweupe. Mtoto wa dei kea au nasari miezi ya mwanzo atakuwa na makamasi karibu kila wiki, kikohozi, macho mekundu, mapunye kichwani, ndio hivyo. Wa nyumbani hajakwepa moja kwa moja, mafua yake yanamsubiri awali, tofauti ni kwamba atakutana nayo akiwa mkubwa kidogo.

Kabla hajaanza popote toa kadi ya kliniki uiangalie vizuri, chanjo ya surua na rubela ni mara mbili, miezi tisa na miezi kumi na nane, na hiyo ya pili watu wengi wanaisahau maana mtoto ameshaacha kwenda kupimwa uzito. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo huwa zinatolewa Juni na Disemba, usizipite. Kituo kikikwambia mtoto mwenye homa anapokelewa tu hamna shida, hiyo ni shida. Na kama kazi yako haina ruhusa hata ya nusu siku, pangeni mapema nani atabaki nae akiumwa, maana ataumwa, na itakuwa siku ambayo bosi amekuita.

Hela

Sitaji bei maana Sinza sio Chanika na Mwanza sio Arusha. Ila linganisha vizuri, sio mshahara wa dada dhidi ya ada. Dada ni mshahara, anakula kwako, analala kwako, nauli ya kwenda kwao. Dei kea wengine wanapokea kwa siku au kwa wiki, ambayo kwa mama mwenye biashara ya genge ni nafuu kubwa, hana mzigo wa muhula mzima. Nasari ada iliyoandikwa kwenye fomu ndio mwanzo wa safari, ongeza basi, chakula, sare za aina tatu, sweta ambalo Dar halivaliki, rimu ya karatasi, tishu, sabuni ya maji, safari ya kwenda kuona wanyama na bado mahafali. Omba karatasi yenye kila kitu kabla hujalipa fomu.

Kwahiyo nani achague nini

Kama una mtu wa kuaminika nyumbani na mtoto hajafika miaka mitatu, mimi ningemwacha nyumbani, nikahakikisha tu anatoka nje kila siku na anaachwa kwa watu wengine mara moja moja. Sio kukosa, ni umri wake.

Akishafika mitatu na kuendelea, dei kea ya karibu hata kwa nusu siku, hata siku tatu kwa wiki kama wanakubali, kisha awali. Kwangu hii ndio njia inayomwandaa mtoto vizuri kwa gharama ndogo, na unaweza kuitumia hata kama lengo lako ni ingilishi midiamu baadae, anaingia KG akiwa na miaka minne au mitano ameshamaliza kulia, ameshamaliza pampasi.

Ukiwa unabadilisha dada kila baada ya miezi miwili, au dada mwenyewe ni binti mdogo ambaye na yeye anahitaji kulelewa, usisubiri hiyo mitatu. Dei kea yenye usajili ni salama kuliko nyumbani kwenye hali hiyo.

Nasari mapema inafaa kama iko mtaani kwenu, mtu anaenda kwa miguu, au wewe unafanya kazi jirani na shule mnaenda pamoja na kurudi pamoja. Hapo shida zangu zote za basi zinaisha na ninanyamaza. Inafaa pia kwa aliye na mkubwa shule hiyohiyo, mdogo akimwona kaka yake mapumziko anatulia. Ila basi la alfajiri kwa mtoto wa miaka miwili na nusu kwa sababu tu jirani kampeleka wa kwake, hapana.

Ukishapata kituo au shule mbili za kulinganisha usiende siku ya maonyesho wamepiga deki na kupuliza maputo. Nenda Jumanne saa nne asubuhi bila kupiga simu. Angalia geti lina mtu? Hesabu watu wazima na watoto kwa macho yako. Ingia chooni, ndio, ingia kabisa, angalia kama kuna maji na sabuni na kama mtoto mfupi anafikia bomba. Angalia kama wanacheza au wamekalishwa wanaitikia kwaya ya herufi. Angalia anayelia anafanywa nini. Wakikuzuia kuingia kwa adabu wakakuomba urudi mchana, rudi mchana. Wakikuzuia na mchana pia, umeshapata jibu.

Na makaratasi, maana uandikishaji wa awali huwa mwishoni mwa mwaka na shule nzuri za serikali zinajaa mapema: cheti cha kuzaliwa. Kama bado hana na hajafika miaka mitano, kwenye mikoa yenye ule mpango wa watoto wadogo wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, anasajiliwa bila malipo ofisi ya kata au kwenye kituo cha afya, nenda na kadi yake ya kliniki. Nenda Septemba. Januari utakuta foleni ya wazazi wote waliokuwa wanasema nitaenda wiki ijayo.